Vigae Ndani ya Banda la Kuku

Komeo liligonga mahali pake kwa nje, na Kiokote akabaki gizani na kuku.

Hapo ndipo tulipomwacha, msomaji. Juma zima amechuchumaa kwenye kinyesi cha kuku huku wewe ukinywa chai yako kwa raha. Basi tusimcheleweshe zaidi.

Alikuwa ameingia humo kutafuta yai. Akainua gunia. Chini ya gunia akaona vigae vya paa la kanisa, vile vile ambavyo mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, yule wanayemwita Mzee Ghorofa, aliwaapia waumini kwamba vilianguka vyenyewe kwa uzee, vikavunjika, vikazolewa na taka.

Havikuwa na hata ufa.

"Nani hapo?" Kiokote aliita. "Fungua! Niko ndani!"

"Najua uko ndani," sauti ikajibu. "Ndiyo maana nimefunga."

Sauti ya mama mkwe.

"Mama, nifungulie. Mkaguzi anafika asubuhi hii."

"Afike. Amekuja kukagua kanisa, hakuja kukagua kuku wangu."

Kama ulikosa gazeti la juma lililopita, sikiliza upesi. Tangu shimo litokee juu ya madhabahu, mvua ilikuwa ikiingia kanisani kama mgeni asiyejua hodi. Ukuta wa nyuma ni wa udongo na chokaa, umejengwa na watu ambao hata wajukuu wao wameshazikwa, na sasa ulikuwa umeanza kuvimba. Mkaguzi wa majengo akiandika kwamba jengo ni la hatari, linabomolewa. Mahali pake Mzee Ghorofa atasimamisha jumba: maduka chini, ofisi katikati, na waumini juu kabisa, jirani na tangi la maji.

Na Kiokote je? Wenzake wana ukoo, wana makaburi ya babu, wana mashangazi wa kugombana nao. Yeye ana kibaraza cha kanisa hilo. Aliokotwa hapo akiwa mchanga, amefungwa kwenye taulo. Alijifunza kutembea kwa kushika ukuta ule, na mpaka leo cherehani yake iko hapo, anashona nguo za watu. Kanisa likianguka, hana tena mahali pa kuonyesha kwa kidole na kusema: mimi nimetoka pale.

Mwanga ulipenya kwenye nyufa za mbao. Akavitazama vigae vizuri. Akatamani asingevitazama.

Vilikuwa vimesimamishwa kwa ubavu, kimoja kimemwegemea mwenzake, majani makavu kati ya kimoja na kingine. Kibarua huvilaza vigae kama sahani, vya chini vikaelemewa na kupasuka. Mwizi huvitupa tu. Lakini kuvipanga namna hii, kwa majani, kama mtu anayelaza watoto? Kiokote alikuwa amewahi kumwona mtu mmoja tu akifanya hivyo. Alimwona nyuma ya jiko lake mwenyewe, siku zote za ndoa yake.

Mume wake. Fundi wa paa.

Mume ambaye alimwambia kwamba siku zile alikuwa anaezeka shule, ng'ambo ya mto!

"Mama," Kiokote alisema polepole. "Mwanao ndiye aliyevileta hapa."

Mama mkwe akalipuka.

"Aliambiwa avivunje! Kazi ya nyundo tu, hata mlevi angeiweza. Yeye akavibeba kama mayai, akaja kunijazia banda. Nilimwambia, mwanangu, huo ufundi wako utakutia shimoni."

"Kwa hiyo na wewe ulijua."

"Nilijua? Mimi ndiye niliyemtafutia hiyo kazi! Nimeahidiwa duka mimi, mlango wa barabarani. Maisha yangu yote nauza mkaa nimekaa kwenye vumbi. Nife sijawahi kukaa kwenye kiti, nyuma ya kaunta, feni inanipepea? Kwa ajili ya nini? Ukuta wenye ukungu?"

"Ni kanisa, mama."

"Usinifundishe kanisa! Mimi nilibatizwa mle kwa jina langu na la baba yangu. Wewe ulibatizwa na taulo."

Kiokote alikuwa na desturi ya kuhesabu mapigo ya moyo wake kabla ya kujibu watu wazima. Leo moyo haukuhesabika.

"Taulo langu, mama, halijawahi kuuza kanisa."

Mama mkwe akaupiga teke mlango mpaka kuku wakaruka.

Wakati huo huo zikasikika hatua za mwanamume uani. "Mama, mbona kuku wamefungiwa mpaka saa hizi?" Na kabla mama hajajibu, komeo likavutwa.

Mlango ukafunguka. Mume na mke wakatazamana, vigae katikati yao.

"Shule ya ng'ambo ya mto ni hii?" Kiokote aliuliza. "Mbona wanafunzi wake wanataga?"

"Mke wangu, sikiliza."

"Nasikiliza. Ongea."

Fundi ni mtu anayeongea vizuri akiwa juu ya paa. Chini huwa hana maneno.

"Alisema ni ukarabati," akaanza. "Nitoe vya zamani, vipya vinakuja. Nikatoa. Vipya havikuja. Nilipouliza, akaniambia nivunje hivi, tena ninyamaze."

"Ukanyamaza."

"Nimepokea kazi yake. Fundi akitangaza siri za mwenye kazi, nani atamwita tena?"

"Mvua ikanyesha."

"Ndiyo."

"Ukaniona natoka na ndoo, naingia na ndoo, nakinga maji madhabahuni. Ukaniona nalia. Ukanishika bega ukaniambia, pole mke wangu, uzee hauna dawa."

Fundi akainamisha kichwa. "Lakini sikuvivunja. Vimechomwa kwa kuni vile. Ukivigonga vinaimba. Hakuna anayeweza kuvifinyanga tena. Ningevivunjaje?"

"Ukavihurumia vigae," alisema Kiokote. "Mimi hukunihurumia."

Alitaka kumpiga kofi. Mkono ulikwisha kupanda. Lakini sauti nyingine, laini kama samli, iliwahi mlangoni.

"Jamani, jamani. Asubuhi njema kama hii, tunagombana bandani?"

Mzee Ghorofa! Suti ya kijivu, viatu vinang'aa, na mkononi nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Mama mkwe alikuwa amempigia simu hata kabla ya kutia komeo.

Mzee akachungulia, akaviona vigae. Tabasamu lake halikuondoka. Lilikauka tu pale pale.

"Fundi," alisema. "Nilikutuma nini?"

Fundi akafuta viganja kwenye suruali.

"Nilikutuma kazi ya dakika chache. Wewe umenifungulia makumbusho." Akamnyooshea nyundo. "Haya. Maliza."

"Asiguse!" Kiokote alijitupa mbele ya vigae.

"Binti yangu," Mzee Ghorofa alimgeukia, "wewe ni mtu mwenye akili, sema tu umekaa sana juani na cherehani yako. Hebu tufikirie pamoja. Unataka kukimbia kwa mkaguzi, sivyo? Ukamwambie vigae vilitolewa kwa makusudi. Vizuri. Atauliza, nani alitoa? Mimi? Mimi nina kisunzi. Sijawahi kupanda hata juu ya kiti kubadilisha balbu, uliza mji mzima. Aliyeonekana na ngazi ni nani? Vigae vimekutwa kwa mama wa nani?"

Kiokote alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa vigae.

"Atakayefungwa ni mumeo. Na mama yake pembeni. Mimi nitakuja kuwaangalia gerezani, nitawaletea sabuni."

"Umemsikia?" mama mkwe akadakia. "Umemsikia, wewe mtoto wa kibarazani? Unataka kunifunga mimi?"

Hapo, msomaji, ndipo wengi wetu tungekaa chini. Kwenye mkono mmoja kuta zilizomlea. Kwenye mwingine mwanamume anayelala naye kitanda kimoja. Hakuna mzani wa kupimia vitu hivyo.

Fundi alikuwa amepokea nyundo. Aliishika kwa mikono miwili, akavitazama vigae, akamtazama mama yake. Wote wakawa wanamtazama yeye.

Kiokote akanyakua kigae kimoja, akachomoka mlangoni.

"Mshikeni!" Mama mkwe aliruka. Vidole vyake vikadaka mtandio, na mtandio ukabaki mkononi. Kiokote alikuwa amekwisha kukata kona, kichwa wazi, kigae kifuani.

Kanisa liko nyuma tu ya ua huo. Alipofika alikuta watu wamejaa: wanakwaya, wazee wa kamati, wenye shughuli na wasio na shughuli. Mbele ya madhabahu alisimama mkaguzi, mwanamke mwembamba mwenye kofia ngumu na uso wa mtu aliyekwisha kudanganywa na mafundi wa kila namna. Alikuwa anabonyeza ukuta kwa dole gumba.

"Umekunywa maji mengi huu," alisema. "Ukuta wa udongo ni kama mgonjwa. Ukifunikwa na kukaushwa, unapona. Ukinyeshewa tena," akatazama shimo, na wingu jeusi lililokaa juu yake, "ukinyeshewa tena hata leo, sitakuwa na la kuandika ila bomoeni kabla haujaua mtu."

"Halikuanguka!" Kiokote alisema akihema. "Paa halikuanguka. Tazama, mama mkaguzi. Hiki ni kigae cha pale juu. Hakina hata mkwaruzo."

Mkaguzi alikipokea, akakigeuza, akakigonga kwa kucha. Kikaimba.

"Vingine viko wapi?"

Kabla Kiokote hajajibu, Mzee Ghorofa aliingia, amefuata nyuma bila haraka. Nyuma yake fundi, na nyuma ya fundi mama mkwe, mtandio mkononi.

"Mwambie, binti yangu," Mzee alisema kwa upole. "Mwambie mama mkaguzi umekitoa wapi. Sema mbele ya watu wote."

Kanisa zima likamgeukia. Kiokote alimtazama mume wake. Mume alitazama sakafu.

"Kwenye banda la kuku la mama mkwe wangu," alisema. "Na aliyevitoa paani ni mume wangu. Na aliyemtuma ni wewe."

Ilikuwa kama mtu amemwaga maji kwenye mafuta ya moto.

"Wezi!" mwanakwaya mmoja akapiga kelele. "Familia ya wezi!"

"Kumbe ndoo zote zile za kukinga maji ni maigizo!"

"Tulisema. Mtu asiyejulikana alikotoka, utajuaje anakokwenda?"

Mzee Ghorofa akainua mikono kama anayewaombea. "Waumini, mmesikia kwa masikio yenu. Vigae vya kanisa vimeibwa na nyumba hii. Mimi nilidanganywa kama nyinyi. Nikaamini ni uzee wa jengo. Masikini mimi."

Loo! Mnafiki yule alikuwa amepindua chungu, na uji wote umemwagikia Kiokote.

"Nyamazeni," mkaguzi alisema. Hakupaza sauti, lakini walinyamaza. "Nani mwizi, nani mtakatifu, hiyo ni kazi ya polisi. Mimi naandika ninachokiona. Ninaona shimo. Nikimaliza kupima kuta hizi nikakuta shimo bado lipo na mvua imeingia, nitaandika shimo na mvua. Nikikuta paa, nitaandika paa." Akavuta utepe wake wa kupimia na kuendelea na kazi, kama vile waliobaki ni viti.

Kiokote alimwendea mume wake. Akasimama karibu mpaka akamsikia anavyopumua.

"Panda."

"Nini?"

"Vigae vipo. Ngazi ipo. Wewe upo. Panda ukavirudishe."

"Akipanda amekiri!" mama mkwe alipiga yowe. "Usipande mwanangu, wanakutega!" Akalidaka shati la mwanawe kwa mkono wake mtupu.

"Usipande," Mzee Ghorofa naye alisema. Safari hii samli haikuwamo kwenye sauti. "Nasema usipande pale juu. Nakukataza kama mwenyekiti. Usipande!"

Wote wakamshangaa. Mbona jasho?

Fundi alimtazama mke wake. "Nikishuka watanifunga."

"Watakufunga."

"Na wewe?"

"Mimi leo sikujui. Ukishuka ndipo nitaamua kama nitakuletea chakula huko jela. Panda."

Fundi alifungua vifungo vya shati kimoja kimoja. Akajitoa ndani yake kama mtu anayevua ngozi, akatoka nje kifua wazi. Mama mkwe akabaki amesimama katikati ya kanisa, mtandio mkono wa kushoto, shati mkono wa kulia, mkwe hana, mtoto hana.

Hakuna aliyesaidia. Nisikudanganye, msomaji, kwamba watu waliguswa mioyo wakakimbilia vigae. Walikunja mikono. Kiokote aliburuta toroli peke yake kutoka bandani mpaka chini ya ngazi, akarudi, akaburuta tena. Mmoja alitema mate njiani mwake. Mwingine alimwuliza kama mayai pia yanauzwa. Yeye alitazama mbele. Alipakia vigae kwa ubavu, na majani yake katikati, kama alivyovikuta.

Akapanda ngazi na mzigo begani, akampa mume wake bila neno. Akashuka. Akapanda. Vidole vyao viligusana kila kigae, na kila mara Kiokote alikuwa wa kwanza kuviondoa.

Juu, fundi alikuwa mtu mwingine. Alitembea kwenye mbao zile zilizochakaa kama paka juu ya ukuta, akijua penye kubeba na pasipobeba. Shimo likaanza kupungua. Lilikuwa kama mlango. Likawa kama dirisha. Tone la kwanza la mvua lilimpiga Kiokote kwenye paji la uso.

"Fanya upesi," alimwambia. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu kanisani.

"Nafanya." Fundi alipanga safu nyingine, akapangusa kwa kiganja vumbi lililokaa kwenye kichwa cha boriti kubwa, ile inayobeba paa lote la madhabahu. Kiganja kikasimama.

Akapangusa tena. Haikuwa vumbi. Ilikuwa tope, limepakwa na mtu.

"Mke wangu," aliita kwa sauti ndogo sana. "Shuka kwenye hiyo ngazi."

"Kuna nini?"

"Mimi nilitoa vigae tu. Naapa, vigae tu. Hii boriti imekatwa kwa msumeno. Unga wake bado mweupe. Imebaki inashikiliwa na kipande kama mkono wa mtoto, na mimi nimeipakia mzigo wote huu."

Kiokote hakushuka. Alivuta kichwa mbele, akachungulia ndani kupitia nafasi iliyobaki.

Chini kabisa, chini ya boriti hiyo hiyo, mkaguzi alikuwa amepiga magoti anasoma utepe wake. Wanakwaya walikuwa wamesogea kumzunguka. Hakuna aliyeinua macho.

Mmoja tu ndiye aliyekuwa ameinua macho. Mzee Ghorofa aliitazama dari, akapiga hatua ya kinyumenyume, akapiga ya pili, halafu akageuka na kukimbia kuelekea mlangoni, akiwasukuma wazee wenzake bila kumwambia yeyote neno.

Na boriti ilikuwa bado haijalia hata mlio mmoja wa kuvunjika.